Ngoma Hutembea: Safari ya Sauti Ndani ya Kompyuta

Mpenzi msomaji, wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Mimi leo nataka kukusimulia habari ya ngoma ambayo ilikuwa inakaribia kunyamaza kabisa, na jinsi nilivyojaribu kuifanya ivume tena kwa kutumia kompyuta. Usiogope kwamba mambo haya ni ya wataalamu. Ikiwa unajua hesabu ya asilimia, na ikiwa umewahi kupanda matatu kutoka Meru hadi Embu, basi utanielewa bila taabu.

Mambo yalianza likizo ya Aprili. Kwaya yetu ya vijana ilikwenda kurekodi wimbo katika studio moja mjini Embu. Ngoma zetu tuliziacha nyumbani kwa sababu nauli ya kuzibeba ilikuwa kubwa. Fundi wa studio akatuambia tusijali. Alibonyeza kitufe kimoja tu, ngoma ya mashine ikaanza, du! du! du!, nasi tukaimba juu yake tukafurahi sana.

Niliporudi nyumbani nilimwekea babu wimbo huo kwenye simu. Babu yangu ni mtu wa Chuka, na Chuka, kama mjuavyo, ndiko kunakosifika kwa zile ngoma ndefu ambazo mpigaji huzibana katikati ya miguu na kuzipiga kwa mikono akiwa amesimama. Yeye amezipiga tangu ujana wake. Alisikiliza wimbo wote kimya, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo debe alikuwa analipiga nani?"

Nikamjibu, "Si debe, babu. Ni ngoma."

Akatikisa kichwa. "Ngoma hutembea. Hiyo imesimama mahali pamoja."

Nilitaka kumwambia basi twende naye studio akapige mwenyewe, lakini niliitazama mikono yake nikanyamaza. Vidole vyake vimepinda kwa maradhi ya viungo. Siku hizi anaweza kupiga kwa muda mfupi tu, labda sekunde kumi na tano, kisha lazima apumzike. Wimbo mzima hauwezi. Na miongoni mwetu wajukuu, hakuna hata mmoja aliyejifunza. Hapo ndipo neno lake liliponichoma: ngoma hutembea. Je, inatembea vipi? Na mtu anaweza kuifundisha kompyuta kutembea?

NGOMA INATEMBEA WAPI?

Nilimwomba anionyeshe. Alipiga ukingoni mwa ngozi, mlio ukatoka mkali na mwembamba. Akasogeza mkono polepole huku akiendelea kupiga, na mlio nao ukawa unanenepa, hata alipofika katikati ukawa mzito wa kutikisa kifua. Sababu yake tunaweza kuieleza kwa somo la Fizikia. Ukipiga katikati, ngozi nzima hupanda na kushuka kwa pamoja, na huo ndio mtetemo wa chini kabisa. Ukipiga karibu na ukingo, ngozi hugawanyika vipande vipande vinavyotetemeka kwa kasi zaidi, na hivyo mlio huwa mkali. Kumbe ngozi ya ngoma ni kama ramani! Mkono unaposafiri juu yake, sauti nayo husafiri. Mashine ya studio ilikuwa na pigo moja tu la mahali pamoja, likirudiwa mara mia. Babu alikuwa amesema kweli tupu.

ENVELOPU NI NINI?

Fundi wa studio aliposikia shida yangu hakucheka. Aliniambia, "Wewe kijana, ukifunga shule mwezi wa nane, njoo nikuonyeshe kitu." Nilikwenda. Katika kompyuta yake alikuwa na sintesaiza ya programu, yaani ala ya muziki isiyo na mwili. Sauti zote hutengenezwa ndani ya kompyuta, na kibodi iliyo mezani hutumwa tu kupeleka habari: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, na kimeachiwa lini.

Kila sauti katika sintesaiza ina kitu kinachoitwa envelopu. Neno hilo maana yake ni bahasha, lakini usitafute barua humo ndani. Envelopu ni mpango wa jinsi kitu kinavyobadilika kadiri wakati unavyopita. Ile ya kawaida hupanga ukubwa wa sauti, na ina hatua nne: kupanda, kushuka kidogo, kudumu wakati kitufe kimeshikwa, na kufifia kitufe kikiachiwa. Kinanda cha kanisani hudumu kitufe kikiwa kimeshikwa. Ngoma hupanda mara moja na kufifia upesi. Hata ukichukua mlio uleule mmoja, ukiubadilishia envelopu, sikio linaweza kudhani ni ala nyingine.

Lakini envelopu hiyo hupanga ukubwa tu. Haiwezi kumfanya mpigaji ahamishe mkono kutoka ukingoni hadi katikati. Kwa kazi hiyo ndipo ikaja envelopu ya vekta.

PEMBE NNE NA POINTI MOJA

Sisi wa kidato cha tatu tunaijua vekta kutoka somo la Hisabati: ni kitu chenye ukubwa na mwelekeo. Kwenye sintesaiza ni hivyo hivyo. Chora mraba uliosimama kwa pembe yake moja, kama kishada kinavyokaa hewani. Kila pembe ipe sauti yake: A, B, C na D. A inaelekeana na C, na B inaelekeana na D. Sasa weka pointi moja ndani ya umbo hilo. Pale ilipo pointi ndipo panapoamua utasikia nini.

Pointi ikikaa juu ya pembe ya A, utasikia A peke yake, asilimia 100. Ikiwa katikati ya upande unaounganisha A na B, utasikia A asilimia 50 na B asilimia 50, huku C na D zimenyamaza. Ikiwa katikati kabisa ya umbo, kila sauti hupata asilimia 25. Pointi ikisogea, mchanganyiko nao hubadilika. Unaweza kuisogeza kwa mkono ukitumia kijiti maalum, au unaweza kuandika safari yake mapema ili irudiwe vilevile kila kitufe kinapobonyezwa. Safari hiyo iliyoandikwa ndiyo envelopu ya vekta.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1986 kampuni ya Sequential Circuits ya California, iliyoanzishwa na Dave Smith, ilitoa kibodi iitwayo Prophet VS. Ilikuwa na sauti nne na kijiti cha kuzichanganya. Kampuni hiyo haikudumu, ikanunuliwa na Yamaha ya Japani, lakini wazo halikufa. Mwaka 1990 Yamaha walitoa SY22, na mwaka huohuo Korg, ambao walikuwa wamemchukua Smith na wenzake, wakatoa Wavestation. Mwaka 2004 Korg wakaifanya Wavestation kuwa programu ya kompyuta. Dave Smith alifariki mwaka 2022. Yeye pia ni mmoja wa walioleta MIDI mwaka 1983, ile lugha ambayo kibodi na kompyuta huitumia kusemezana hadi leo.

MATATU YA MERU KWENDA EMBU

Ili uelewe jinsi ya kuandika safari hiyo, fikiria matatu inayotoka Meru. Inapita Nkubu, inapita Igoji, inapunguza mwendo kwenye kona za Nithi, inafika Chuka, inavuka mto Thuci, inapita Runyenjes na kuingia Embu. Ukitaka kumweleza mtu safari hiyo, huhitaji kumtajia kila mti ulio kando ya barabara. Mpe vituo tu, na muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Envelopu ya vekta ni hivyo. Programu niliyotumia ilinipa vituo vitano, kuanzia pointi 0 hadi pointi 4. Kila kituo nilikiweka mahali pake ndani ya mraba, kisha nikaandika muda wa kufika kutoka kituo kilichotangulia. Muda huo huandikwa kwa milisekunde, na milisekunde 1000 ni sekunde moja. Muda ukiwa mfupi, sauti hubadilika ghafla. Ukiwa mrefu, hubadilika polepole.

Kuna jambo jingine zuri, nalo ni mzunguko. Unaweza kuiamuru matatu iwe inaenda Chuka na Runyenjes, Chuka na Runyenjes, bila kukoma, maadamu abiria hajasema "shukisha". Kidole kikiachia kitufe ndipo inapotoka kwenye mzunguko na kwenda Embu, kituo cha mwisho.

KAZI YENYEWE, NA MAKOSA YANGU

Kabla ya kwenda Embu nilirekodi ngoma ya babu kwa simu, nyuma ya nyumba, mapema asubuhi kabla pikipiki hazijaanza kelele. Nilichukua sauti nne, kila moja ya sekunde kumi hivi, na baada ya kila moja babu alipumzika. A ilikuwa ukingo wa ngozi. B ilikuwa ngozi iliyobanwa kidogo kwa kiganja. C ilikuwa katikati ya ngozi. D ilikuwa njuga zake za zamani, ambazo alinipa nizitikise mimi.

Kosa la kwanza: mapigo hayakulingana. Babu alipochoka alipunguza mwendo, kwa hiyo A ilikuwa inakimbia na C inatambaa. Tulipoziweka pamoja, mlio ulikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati. Fundi alizikata zote zianzie kwenye pigo moja, akazinyosha ziende kwa mwendo mmoja wa mapigo 100 kwa dakika. Pia tulizipima ukubwa. C ilikuwa kubwa kuliko zote, na tusingeipunguza, safari yote ingeonekana kama inaishia C hata pointi ikiwa mbali nayo.

Kosa la pili: nilipanga safari nzuri ya sekunde mbili na zaidi, nikabonyeza kitufe, sauti ikafa mara moja. Nikabonyeza tena, vilevile. Nilidhani programu imeharibika. Kumbe nilikuwa nimeanzia kwenye sauti ya ngoma ya kawaida, na ile envelopu ya ukubwa ilikuwa imepangwa kufifia baada ya nusu sekunde, hata kama umeshika kitufe. Matatu yangu ilikuwa na safari ndefu lakini mafuta ya kufika Nkubu tu! Tukarekebisha, sauti idumu muda wote kitufe kinaposhikwa. Kumbuka hili, msomaji: envelopu ya vekta huamua sauti iko wapi, na ile ya ukubwa huamua kama itasikika. Lazima zipatane.

Kosa la tatu ndilo lililonifunza zaidi. Nilitaka kutoka A hadi C, yaani kutoka ukingoni hadi katikati ya ngozi, kwa hiyo nikachora mstari ulionyooka. Nikasikiliza. Njiani nilisikia njuga zikilia, ingawa sikuziita. Nilirudia mara tano. Njuga zilikuwa palepale. Fundi aliniuliza, "Mstari wako unapita wapi?" Nikatazama. Ulipita katikati kabisa ya mraba, mahali ambapo kila sauti ina asilimia 25, na D ni mmojawapo. Njia yangu ya mkato ilipitia sokoni, na sokoni kila mtu anaongea.

Dawa yake ni kuzunguka. Badala ya kutoka A moja kwa moja hadi C, nilifuata upande wa A hadi B, kisha upande wa B hadi C. Kwenye pande hizo husikika sauti mbili tu za jirani. Halafu nikakumbuka kwamba babu mwenyewe, kabla mkono haujaingia katikati, hubana ngozi kidogo kwa kiganja. Alikuwa anapitia B kila siku, nami sikuwa nimeona.

MPANGO ULIOFAA

Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, gawanya 60,000 kwa 100. Utapata kwamba pigo moja huchukua milisekunde 600. Hesabu hii ni muhimu, maana safari isipolingana na mapigo ya wimbo, sauti hubadilika mahali pasipofaa. Mpango wetu ulikuwa huu:

Pointi 0: pembe ya A. Hapa ndipo safari inapoanzia.

Pointi 1: pembe ya B, baada ya milisekunde 1200, yaani mapigo mawili.

Pointi 2: pembe ya C, baada ya milisekunde 1200 nyingine.

Pointi 3: kurudi pembe ya B, milisekunde 1200 tena.

Pointi 4: pembe ya D, milisekunde 600 baada ya kitufe kuachiwa.

Mzunguko tuliuweka kuanzia pointi 1 hadi pointi 3, na kila mzunguko ulikuwa wa mapigo manne kamili. Angalia kwamba pointi 1 na pointi 3 ziko mahali pamoja. Nilifanya hivyo makusudi. Mwisho wa mzunguko ukiwa mbali na mwanzo wake, sauti huruka kama gari lililokanyaga shimo, na sikio hugundua mara moja. Mwishoni, kitufe kikiachiwa, pointi huondoka popote ilipo na kukimbilia kwenye njuga. Ili njuga zisikike, tuliongeza muda wa kufifia kwenye envelopu ya ukubwa uwe milisekunde 900, maana ungekuwa chini ya 600 sauti ingezimika kabla ya kufika.

Mwisho wa yote, fundi alinionyesha jinsi ya kufanya nguvu ya kidole isogeze pointi kidogo. Ukibonyeza kwa nguvu, safari inaelekea zaidi upande wa C. Ukibonyeza polepole, inabaki karibu na ukingo. Bila hilo, kila mara ngoma huanza kwa namna ileile, na mtu akisikia mara tatu anajua ni mashine.

BABU ALISEMAJE?

Nilirudi nyumbani na wimbo mpya jioni. Nilimwekea babu spika ndogo ya jirani, si simu, maana spika ya simu haiwezi kutoa milio mizito. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ubeti wa pili ulipoanza niliona vidole vyake vilivyopinda vikigonga goti, polepole, kwa mwendo uleule.

Wimbo ulipokwisha akasema, "Hiyo ni ngoma yangu. Sasa inatembea."

Nilitaka kuruka kwa furaha, lakini alikuwa hajamaliza. "Ila inatembea peke yake. Hao vijana walipochelewa kuingia kwenye kiitikio, haikuwangoja. Mimi ningewangoja."

Nilikosa la kujibu, kwa sababu ni kweli. Tulikuwa tumechelewa pigo moja, na fundi alitukata na kutusogeza ili tulingane na mashine. Envelopu ya vekta hufuata saa. Ina vituo vyake na muda wake, na haimtazami mwimbaji wala mchezaji usoni. Mpigaji ngoma hutazama, na anapotazama hubadilisha safari papo hapo.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, nimejifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mashine si adui wa ngoma zetu. Ikiwa ngoma ya kwenye kibodi inalia kama debe, mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyekaa chini akapanga safari yake. Fundi na mimi tulitumia siku tatu. Tulichohitaji ni sauti nne za mzee mmoja, hesabu kidogo na subira. La pili ni kwamba nisingejua ngoma inapita wapi kama babu asingenionyesha kwa mkono wake. Kompyuta ilinipa vituo vitano, lakini njia ya kupitia B ilikuwa yake.

Nawaomba wenzangu wa chama hiki, kabla likizo ijayo haijaisha, mchukue simu zenu muwarekodi wazee wenu: mpigaji ngoma, mpuliza filimbi, hata bibi anayepiga vigelegele. Rekodini sauti zaidi ya moja, na muulize mkono unaanzia wapi na unaishia wapi. Hayo yote yatawafaa siku mtakapokaa mbele ya kompyuta.

Mimi mwenyewe sasa, kila Jumamosi jioni, huibana ile ngoma ndefu katikati ya miguu yangu nyuma ya nyumba. Babu huketi kwenye kiti, mikono mapajani. Bado naenda ukingoni na katikati kama matatu iliyoharibika breki. Lakini juzi, niliposogeza mkono kuingia katikati, nilibana ngozi bila kuambiwa, naye akaitikia, "Eee, hapo."